Msikiti Usiokandikwa Hufa: Udongo, Waashi na Ibada nchini Mali

Sheria ya Uislamu haimruhusu mtu kuubomoa msikiti hivi hivi. Seku Amadu, mwanachuoni wa Kifulani aliyeutia mji wa Djenné mkononi mwake mwaka 1819, alilijua hilo kuliko wengi, kwani dola aliyoisimamisha katika bonde la Mto Niger ilikuwa ya sheria tangu msingi hadi paa. Lakini msikiti mkuu wa Djenné hakuupenda. Aliuona una fahari mno, na waliokuwa wakiswali humo akawaona wamelegea katika dini. Basi hakuupiga sururu. Alizuia usikandikwe, na husimuliwa kwamba aliamuru milizamu ya paa izibwe. Kazi iliyobaki akaiachia mvua.

Mfaransa René Caillié alifika Djenné mwaka 1828 akijifanya Mwarabu wa Misri anayerudi kwao. Aliukuta msikiti umeachiwa mbayuwayu. Walikuwa maelfu, kwa maelezo yake, wamejaza viota ndani, na harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba watu waliswali katika ua mdogo wa nje. Miaka michache baadaye, kati ya 1834 na 1836, Seku Amadu alijenga msikiti wake mwenyewe jirani na magofu yale: mpana, mfupi, hauna mnara wala pambo.

Naanza na kifo hiki kwa sababu kinaeleza maisha ya misikiti ya Mali kuliko tarehe yoyote ya kuweka jiwe la msingi. Aliyelelewa katika nyumba ya udongo hahitaji kufafanuliwa. Ukiiacha nyumba masika mawili bila kuikandika, fito zinaanza kuchungulia. Masika ya tatu unatafuta pa kulala. Kwetu pwani wazee walijenga misikiti kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ndiyo maana kuta za Kilwa Kisiwani na za Gede zingali zimesimama ingawa waliosali ndani yake wametoweka zamani. Msikiti wa udongo haumngojei mtu hivyo. Ukiachwa, haubaki gofu la kutazamwa na wageni. Unarudi kuwa ardhi. Kwa hiyo mtu akiuliza msikiti wa Djenné una umri gani, jibu la kweli lina sehemu mbili. Mahali pake pana ibada kwa miaka kama 800. Ngozi yake ina umri wa tangu mvua zilizopita.

Simulizi la mwanzo wake tunalo katika Tarikh al-Sudan, kitabu cha Abd al-Rahman al-Sa'di, mwanachuoni wa Timbuktu wa karne ya 17. Anaeleza kwamba mfalme wa Djenné aliyeitwa Koi Konboro alipotaka kusilimu aliwakusanya wanazuoni wote wa nchi yake, wakafika 4,200, akasilimu mbele yao. Kisha akawaomba wauombee mji mambo matatu. La kwanza, kila atakayekimbilia Djenné kwa dhiki na umaskini Mungu amfungulie mpaka aisahau nchi aliyotoka. La pili, wageni mjini wawe wengi kuliko wenyeji. La tatu, wafanyabiashara wanaoleta bidhaa wakose subira, wachoke kungoja, wauze kwa bei nafuu, na watu wa mji wapate faida. Halafu akaibomoa ikulu yake na mahali pake akaweka msikiti.

Dua ile ya tatu huwa nairudia. Kuna ukweli mwingi ndani yake kuhusu namna Uislamu ulivyoingia Afrika Magharibi: uliingia na misafara ya chumvi na dhahabu, ukakaa kwanza nyumbani kwa wachuuzi, ndipo ukapanda hadi kwa wafalme. Koi Konboro alikuwa mtawala wa mji wa soko, na hakuona aibu kumwomba Mungu awape watu wake bei nzuri. Mpaka leo mbele ya msikiti wa Djenné kuna uwanja wa soko, na siku yake ni Jumatatu.

Ufundi wenyewe ni mkongwe kuliko dini. Kilomita kama tatu kutoka mjini kuna kilima kiitwacho Djenné-Djeno, mahali pa mji wa kale uliochimbuliwa na wanaakiolojia Susan na Roderick McIntosh kuanzia miaka ya 1970. Watu walikaa pale tangu karibu mwaka 250 kabla ya Kristo hadi kiasi cha 1400 baada yake, na walijenga kwa udongo. Kwa karne nyingi waashi wa Djenné waliumba kwa mkono tofali la mviringo, kama kopo, linaloitwa djenné-ferey. Tofali la pembe nne linalotolewa kwenye kalibu lilienea huko katika miaka ya 1930, na jina walilolipa linaonyesha wazi walikolipata: tubaluferey, kutokana na neno toubab ambalo huko ndilo mzungu. Waashi wazee husema kuta za djenné-ferey ndizo ngumu zaidi.

Haya yanafaa kukumbukwa kila linapotajwa jina la Abu Ishaq al-Sahili. Huyu alikuwa mshairi na mwanasheria wa Granada, Andalusia, aliyekutana na Mansa Musa, mfalme wa Mali, katika safari ile mashuhuri ya hija ya mwaka 1324. Mansa Musa alipita Cairo akigawa dhahabu kwa wingi hata bei yake sokoni ikashuka, na mwandishi al-Umari, aliyeandika miaka 12 baadaye, aliambiwa kwamba ilikuwa bado haijarudi mahali pake. Mansa Musa aliporudi kwake alifuatana na al-Sahili. Mwanahistoria Ibn Khaldun anaandika kwamba mshairi huyo alimjengea mfalme ukumbi wa kuba uliopambwa kwa rangi, na mapokeo yanamhesabia pia msikiti wa Djinguereber wa Timbuktu, uliojengwa karibu mwaka 1327. Vitabu vingi vya wakati wa ukoloni vikaenda mbali zaidi, vikamfanya yeye ndiye mwalimu aliyeleta ujenzi wote wa udongo wa Sudani ya Magharibi, utadhani watu wa Djenné walikuwa wakilala chini ya miti wakimngojea mshairi kutoka Ulaya awafundishe tofali. Kilima cha Djenné-Djeno kimelijibu dai hilo. Al-Sahili alifia Timbuktu mwaka 1346 na akazikwa huko.

Kaburi lake lilionwa na msafiri ambaye sisi pia tunamdai kidogo. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, visima vifupi mlangoni, kata ya kuchotea maji yenye mpini, na jamvi la kufutia miguu kabla ya kuingia. Miaka 21 baadaye, mwaka 1352, alivuka Sahara kwenda Mali. Zawadi ya ukaribisho aliyopewa na Mansa Sulayman haikumfurahisha hata kidogo. Lakini Ijumaa za Mali zilimstaajabisha. Aliandika kwamba asiyewahi msikitini hakosi kukosa nafasi, hata watu humtuma kijana na msala mapema aende kumtandikia bwana wake mahali. Kila mtu huvaa nguo nyeupe, na aliye na kanzu moja kuukuu huifua kwanza. Siku ya Idi alimtembelea kadhi akakuta watoto wake wamefungwa minyororo. Alipouliza kama hatawafungua kwa ajili ya sikukuu, akajibiwa kwamba hawafunguliwi mpaka wahifadhi Qurani. Mwandishi huyo mwenye macho makali ametuachia picha ya misikiti ya Mali iliyojaa watu kabla hajatuachia picha ya kuta zake, na nadhani alishika mpangilio ulio sahihi.

Timbuktu ina misikiti mitatu mikuu, na kila mmoja ulikuja kwa njia yake. Djinguereber ni wa mfalme. Ni mkubwa, una safu 25 za nguzo na nafasi ya watu kama 2,000, na baadhi ya kuta zake zimevikwa jiwe la chokaa la huko linaloitwa alhor. Sankore ni wa mwanamke: fedha za kuujenga zilitolewa na tajiri mmoja wa kike wa kabila la Aghlal. Sidi Yahya ni wa kungojea. Ulijengwa karibu mwaka 1400 na Sheikh al-Mukhtar Hamallah kwa ajili ya walii aliyekuwa hajafika bado. Ukakaa. Miaka kama 40 baadaye akatokea jangwani mtu aitwaye Sidi Yahya, akauomba ufunguo, akafanywa imamu.

Sankore ndio uliobeba sifa ya elimu, na siku hizi watu huuita chuo kikuu. Msomaji wa Kiswahili ana neno linalofaa zaidi, nalo ni chuo kwa maana yake ya zamani. Hapakuwa na jengo moja la madarasa wala msajili. Mwanafunzi alimfuata mwalimu, kitabu kwa kitabu, barazani au nyumbani kwake, mpaka akapewa ijaza ya kukisomesha kitabu kile. Msikiti ulikuwa moyo wa mtandao huo, na karatasi zilikaa katika masanduku ya familia. Ahmed Baba, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa mji ule, alitoka katika ukoo wa makadhi waliokuwa wakiishi Sankore. Jeshi la Moroko lilipouteka mji mwaka 1591, halikukaa sana kabla ya kumkamata yeye na jamaa zake na kuwapeleka Marrakech wakiwa wafungwa.

Kadhi mmoja wa ukoo huo, al-Aqib bin Mahmud, aliikarabati misikiti yote mitatu kati ya miaka ya 1569 na 1582. Alipokwenda hija alichukua kamba akaipima Kaaba, urefu na upana. Aliporudi Timbuktu aliinyoosha kamba ile juu ya mchanga wa Sankore, akaweka vigingi, na ua wa ndani wa msikiti ukajengwa kwa vipimo hivyo hivyo. Nimesoma habari za misikiti mingi iliyotiwa dhahabu na marumaru kutoka mbali. Sijui mwingine uliobebewa kutoka Makka urefu wa kamba tu.

Gao, uliokuwa mji mkuu wa Wasonghai, nako kuna kaburi la mfalme wao Askia Muhammad, la mwaka 1495 kwa hesabu inayokubaliwa. Ni mnara wa udongo wenye umbo la piramidi, kimo chake mita 17, umechomozwa vijiti pande zote, na pembeni yake kuna majengo mawili ya msikiti yenye paa bapa. UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2004.

Sasa nirudi Djenné, kwenye magofu ya mbayuwayu. Wafaransa waliuteka mji mwezi Aprili 1893. Miaka 13 baadaye, mwaka 1906, utawala wao ulikubali msikiti wa zamani usimamishwe upya mahali pake pa asili, na penye msikiti wa Seku Amadu pakajengwa shule. Jengo lilikamilika mwaka 1907. Aliyeongoza kazi alikuwa Ismaila Traoré, mkuu wa chama cha waashi wa mji, kinachoitwa barey ton. Kuhusu jengo hili kumekuwa na ubishi wa zaidi ya miaka 100. Félix Dubois, mwandishi wa Kifaransa aliyekuwa ameyaona magofu katika miaka ya 1890, alirudi akauona msikiti mpya akachukizwa na ncha zake, akasema ni kazi ya kikoloni. Wengine waliomfuata walidai uso ule wenye minara mitatu iliyolingana hauwezi kuwa umetoka katika akili ya Kiafrika. Wachunguzi wa baadaye, kama Labelle Prussin na Jean-Louis Bourgeois, waliangalia nyumba za kale za Djenné zenyewe, zile za matajiri zenye nguzo za ukutani na ncha juu ya mlango, wakaonyesha kwamba waashi walichukua lugha yao waliyokuwa wakiisema siku zote wakaikuza. Mimi niko upande huu. Fedha na amri zilipita kwa Wafaransa, na kulikuwa na kazi ya kulazimishwa, hilo lisifichwe. Lakini matao ya ndani yamefungwa na mikono ya watu ambao walirithi kufunga matao kwa baba zao.

Msikiti huo ndio huu tunaouona katika picha. Umekaa juu ya jukwaa la udongo lenye upande wa mita kama 75, lililoinuliwa mita tatu juu ya uwanja wa soko ili gharika ya Mto Bani isiufikie. Ukuta wa kibla unatazama soko, na minara yake mitatu inafika mita 16. Ncha ya kila mnara imevikwa yai la mbuni, alama ya uzazi na usafi. Ndani kuna nguzo 90, nene na zilizosongamana, kiasi kwamba anayeswali safu za nyuma anamsikia imamu bila kumwona. Katika dari kuna matundu yaliyofunikwa kwa vigae vya udongo. Vikiondolewa, joto la mchana linatoka na hewa ya usiku inaingia. Nje, kuta zote zimechomozwa mafungu ya vijiti vya mti wa mvumo, yanayoitwa toron. Mgeni hudhani ni pambo. Ni pambo, na pia ni ngazi: bila hivyo hakuna namna ya kuifikia minara ya mita 16 kila mwaka.

Kila mwaka, kabla ya mvua, Djenné huukandika msikiti wake. Maandalizi huchukua siku nyingi. Udongo huletwa kutoka kingo za Bani na kulowekwa katika mashimo pamoja na pumba za mpunga. Watoto huingia wakauponda kwa miguu na kucheza humo, na uozo wa pumba ndio unaoufanya ushikamane kama ngozi. Wenye kuujua zamani hutaja pia siagi ya shea na unga wa ubuyu. Imamu na waashi huchagua siku. Alfajiri vijana wa mtaa wa Yoboukaina na wa Djoboro hushindana kufikisha vikapu vya kwanza. Wasichana na wanawake huleta maji. Waashi hupanda toron na kuutandaza udongo kwa kiganja. Wazee wa barey ton, waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi na ambao magoti yao hayapandi tena, huketi juu ya ukuta wa jukwaa wakiangalia nani anapaka nyembamba. Hakuna anayelipwa ujira wa siku hiyo. Kutokwenda ni aibu ya mtaa mzima.

Uashi wa Djenné una mambo yake. Kila familia ina mwashi wake, aliyerithiwa kama daktari wa ukoo. Hukodishi mwingine akiwa yeye hai. Mwanaanthropolojia Trevor Marchand, aliyefanya kazi ya kubeba matofali pamoja nao ili ajifunze, ameandika juu ya dua na siri wanazopeana: elimu nyeupe inayotoka kwenye Qurani na elimu nyeusi iliyoitangulia, zote mbili zikisomwa juu ya msingi ili nyumba isimdondokee mtu. Anayetaka kuelewa kwa nini watu hawa hawapendi mgeni kugusa msikiti wao bila kuwaeleza, aanzie hapo.

Maana walishawahi kukasirika. Katika miaka ya 1990 jarida moja la mitindo la ng'ambo lilipiga picha ndani ya msikiti, na tangu hapo asiye Mwislamu haingii. Mwezi Septemba 2006 mafundi waliotumwa na wakfu wa Aga Khan walikuwa juu ya paa wakichunguza hali yake, wakichokonoa udongo, na mji haukuwa umeelezwa vya kutosha. Vijana wakapanda, wakawateremsha, wakaingia ndani kung'oa feni zilizotolewa na ubalozi wa Marekani, kisha ghasia zikasambaa mitaani. Habari hiyo ilipotangazwa ulimwenguni ilionekana kama wazimu wa watu wasiotaka kusaidiwa. Mimi nasikia ndani yake sauti ya watu wanaolinda haki ya kuwa wao ndio wanaoupapasa ukuta ule.

Na bado msaada ulihitajika kweli. Tabaka za udongo zilizopakwa mwaka baada ya mwaka zilikuwa zimenenepa na kuwa mzigo. Tarehe 5 Novemba 2009, baada ya milimita 75 za mvua ndani ya siku moja, sehemu ya juu ya mnara wa kusini wa ukuta wa kibla ilianguka. Safari hii mji, barey ton na wakfu wa Aga Khan walifanya kazi pamoja. Tabaka za ziada zikaondolewa na mnara ukajengwa upya kwa tofali la udongo. Kwa hiyo kukandika nako kunaweza kuua pasipo na mtu wa kujua wakati wa kukwangua.

Watu wa mji wa Mopti walijifunza somo la upande wa pili. Msikiti wao, uitwao Komoguel, ulijengwa kuanzia mwaka 1936 kwa mtindo wa Djenné. Mwaka 1978 watu wenye nia njema kabisa walichoka na kazi ya kila mwaka, wakaipiga lipu ya saruji sehemu yake ya juu. Saruji ikafanya kinyume cha walichotaka. Udongo hupumua: hunywa maji ya mvua, jua likitoka huyatema. Saruji haipumui. Ikipata joto hutanuka kwa namna yake na udongo kwa namna yake, ufa unatokea, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Ukuta ukaoza ndani ya koti lake. Kati ya 2004 na 2006 koti hilo lilivuliwa na msikiti ukakandikwa upya.

Kuna waliothubutu kujenga upya kwa udongo wakati kila mtu alikuwa anaukimbia. Niono ni mji mchanga wa mashamba ya umwagiliaji, ulioota kwenye mradi wa pamba na mpunga wa Wafaransa ulioanzishwa mwaka 1932. Haukuwa na ulamaa wa kale wala makaburi ya mawalii. Mwaka 1948 Waislamu wake walimkabidhi kazi mwashi Lassiné Minta, naye akajenga na kupanua, akapanua tena waumini walipoongezeka, mpaka mwaka 1973. Mwaka 1983 msikiti huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, ukiwa bega kwa bega na kazi za wasanifu wenye ofisi na michoro. Ningependa watoto wanaosoma usanifu katika vyuo vyetu wajue jina la Minta kama wanavyojua majina ya Ulaya.

Bamako ni habari nyingine. Msikiti Mkuu wa mji huo ulijengwa kwa fedha za Saudi Arabia mwishoni mwa miaka ya 1970: zege, minara miwili mirefu, kuta nyeupe. Ungeweza kuuhamishia Jeddah na majirani wasiulize kitu. Hauhitaji kukandikwa, na mji wa mamilioni ya watu hauwezi kweli kushindana vikapu vya matope kwa mitaa. Siwalaumu waliouchagua. Hata Djenné penyewe kuna wenye nyumba waliobandika vigae vya udongo wa kuchoma kwenye kuta zao ili wapumzike kumwita mwashi kila mwaka, na wasimamizi wa urithi wakawagombeza kwa kuharibu sura ya mji ulioorodheshwa na UNESCO tangu 1988. Pumba zimepanda bei. Ni rahisi kwa mtu anayelala chini ya paa la bati au zege kumwambia mwenzake abaki na udongo kwa sababu unapendeza machoni.

Aprili 2012 waasi waliokuwa na silaha waliuteka mji wa Timbuktu, na baada ya muda mfupi ukabaki mikononi mwa kundi la Ansar Dine na washirika wao. Kuanzia Juni 30 walianza kubomoa makaburi ya mawalii kwa majembe na sururu, wakidai kuzuia ushirikina. Makaburi 14 yalibomolewa, mawili kati yake yakiwa ubavuni mwa Djinguereber. Tarehe 2 Julai walifika Sidi Yahya. Msikiti huo ulikuwa na mlango uliokuwa umefungwa tangu enzi za mababu. Iliaminika kwamba ukifunguliwa, dunia itafika mwisho. Waliuvunja ili kuwaonyesha watu kwamba hakuna kitakachotokea.

Yaliyotokea ni haya. Waashi wa Timbuktu, wale wale ambao baba zao waliyakandika makaburi yale, waliyajenga tena yote 14, wakamaliza mwezi Julai 2015. Septemba 2016 mlango wa Sidi Yahya ulirudishwa mahali pake, umefungwa. Wakati huo hukumu ilikuwa inakaribia huko The Hague: tarehe 27 Septemba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi, aliyekiri kuongoza ubomoaji, kifungo cha miaka tisa. Mwaka uliofuata ikaamua fidia ya euro milioni 2.7. Mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo alikuwa Fatou Bensouda, Mwafrika Magharibi kutoka Gambia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo peke yake, kuvunja majengo ya ibada na historia.

Djenné yenyewe iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016. Vita vimefika hadi mikoa ya kati ya Mali, barabara si salama, na wageni waliokuwa wakijaza nyumba za kulala wageni wameacha kuja. Lakini Mei 2024 maelfu ya watu wa mji walikusanyika tena mbele ya ukuta wa kibla. Kwa siku kadhaa matope yalikuwa yamelowa na pumba zake. Vijana walipanda toron wakiwa wamepakaa hadi usoni, na udongo mpya, mweusi kwa unyevu, ukashuka juu ya ule wa mwaka jana uliopauka.

Huko mvua huanza Juni. Kabla haijafika, milizamu ya paa lazima iwe wazi.